Karani wa Masjala na Matarishi Wawili

Karani hakujua kubisha hodi kama watu wengine. Akishasema hodi, hata kabla hujashika komeo, alikuwa tayari amekutajia jambo lililomleta, vile barua ya serikali inavyotanguliwa na kichwa chake. "Kuhusu maji ya mfereji." "Kuhusu mbwa wa nyumba ya tatu." "Kuhusu mtu aliyeanika nguo zake kwa kamba yangu." Salamu zilifuata baadaye. Siku niliyofiwa na nyanya yangu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaanza, "Kuhusu..." akasita, akaivaa kofia, akaivua tena. "Pole sana, mama," akasema. Katika miaka sita ya kuwa jirani yake, hiyo ndiyo mara moja tu niliyomsikia akiacha kichwa cha barua bila kukimaliza.

Alikuwa amestaafu kutoka masjala ya ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, kile chumba ambacho barua zote huingilia, zikagongwa muhuri, zikaandikwa daftarini na kutiwa kwenye mafaili. Sisi wapangaji wote wa ploti yetu ya Lurambi tulimwita Karani, mkewe akiwemo. Alizaliwa wapi, babake ni nani, sikuuliza, na yeye aliyelipwa mshahara kwa kuuliza watu majina matatu na kijiji walichotoka hakuwahi kunieleza. Ninachomkumbuka nacho ni kofia ya kijivu, miwani iliyofungwa kwa uzi, na swali lake. Ukimpa habari yoyote, kuanzia mvua ya Butali hadi harusi ya mtoto wa pasta, alikuuliza, "Umeitoa wapi, na ni ya lini?" Ukishindwa na sehemu ya pili alikutazama kwa huruma, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kilichopakana na chake, kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, halafu nikiwa mtu mwenye kazi ambayo mama yangu alishindwa kuieleza kanisani. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mimi na mwenzangu Wekesa tulikuwa na chumba kimoja mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na humo tulikuwa tunaunda msaidizi wa simu kwa wakulima wa miwa. Mkulima anatuma ujumbe au anaongea, anauliza mbegu inapatikana wapi, ugonjwa huu wa majani ni upi, mizani ya kiwanda, pale miwa inapopimwa na kupokelewa, inafunguliwa lini. Akili bandia iliyo ndani ya msaidizi inajua kuongea vizuri, lakini mambo ya leo haiyajui. Inajua iliyoyasoma zamani. Ukitaka ya leo, lazima itume mtu nje kwenye mtandao akaangalie, na huyo mtu ni huduma ya kampuni nyingine ambayo sisi tunaunganisha programu yetu nayo. Huduma hizo ziko nyingi, kila moja inajisifu, na kazi yetu miezi hiyo ilikuwa kuzipambanisha tuchague.

Wa kwanza kumtumia msaidizi wetu wangekuwa akina mama wa kikundi kimoja cha Mayoni, nyumbani kwetu, na mwenyekiti wao alikuwa mama yangu mzazi. Mama hakulima kwa mkataba na kiwanda. Alijitafutia wakataji na trekta mwenyewe, na miwa yake ilikuwa imekaa shambani mwaka na nusu. Watu wa kwetu wanajua kwamba muwa ukishakatwa haungoji. Ukilala juani siku nne tano unakauka, uzito unapungua, na jasho la miezi kumi na minane linapotea mizani ikiwa imefungwa. Kwa hiyo swali la mizani halikuwa la mchezo, na mama alikuwa amenionya mapema. "Mimi nitaiulizanga hiyo kitu yako," alisema. "Lakini inidanganye mara moja tu, utaniona."

Karani aliingia katika mambo haya kwa sababu ya kelele. Jumamosi moja Wekesa alikuja nyumbani tukaanza kubishana barazani, yeye akitetea huduma ya kutafuta, mimi nikitetea ya kukwangua, hadi mlango wa jirani ukafunguka.

"Kuhusu kelele," akasema Karani.

Nilimwomba radhi, nikamweleza. Huduma ya kutafuta unaipa swali, nayo inakurudishia orodha ya kurasa na mistari miwili mitatu ya kila ukurasa. Ya kukwangua huitumi itafute. Unaipa anwani ya ukurasa mmoja, inaingia humo na kurudi na kila kilichoandikwa. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Kumbe mnatafuta tarishi," akasema. "Si mngesema. Kule masjala nilikuwa nao wawili. Mmoja mwepesi. Unamtuma faili, kabla chai haijapoa amerudi. 'Liko chumba cha nne, ama cha saba, na juu limeandikwa hivi na hivi.' Ameona jalada tu, ndani hajafungua. Wa pili alikuwa mzito. Unamwambia nenda chumba cha nne ulete faili, anakuletea chumba cha nne. Faili, kalenda, ndoo ya deki na kikombe cha mtu. Ubaya wa huyo wa pili ni kwamba alikuwa anaogopa kurudi mikono mitupu. Faili likikosekana anakuletea lingine linalofanana, anasimama hapo anatabasamu. Sasa nyinyi mnataka yupi?"

Wekesa alizikunja karatasi zake. Alikuwa ameandika kurasa nne za kulinganisha kasi, ada na idadi ya maombi kwa dakika, na mzee alikuwa amemaliza mjadala kabla ya kuketi. Tulimwomba aje ofisini atusaidie kupima. Alisema angefikiria na kutujibu kwa maandishi, na Jumatatu kweli nikakuta barua chini ya mlango wangu, yenye nambari ya kumbukumbu, ikisema amekubali.

Kuhusu muhuri sasa, kama angesema mwenyewe. Alikuwa na muhuri wake. "Si wa serikali, tafadhali," alikuwa anakukatiza kabla hujamshuku. Aliutengenezesha kwa fundi wa mihuri karibu na steji wiki aliyostaafu. Ulikuwa na neno moja, IMEPOKELEWA, na chini yake magurudumu madogo ya mpira ya siku, mwezi na mwaka. Aligonga kila kitu: bili ya stima, kadi za harusi, ratiba za mazishi, hata karatasi ya dawa ya kikohozi. Mwaliko wa mahafali yangu aliupokea kwa mikono miwili, akaugonga mbele yangu, akauhifadhi. Shida ni kwamba miaka ya gurudumu lile ilikuwa imekwisha kitambo. Muhuri ulikwama kwenye mwaka wake wa mwisho, na kila alipougonga alilazimika kuukata mwaka kwa kalamu nyekundu na kuandika ule wa kweli juu yake.

"Kwa nini hununui mwingine, Karani?"

"Huu haujaharibika," akasema. "Umeisha tu."

Hapo ndipo ninapoanza kucheka kila nikimkumbuka, maana mtu yule alikuwa amejaa vituko vya kupingana na nafsi yake. Alidai tarehe kwa kila mtu, na yeye hakufika mahali popote kwa wakati. Miadi ya saa tatu alikuja saa tano, akaandika daftarini kwamba amefika saa tano, akaridhika. Aliyepanga makaratasi ya ofisi nzima kwa miaka mingi alikuwa na nyumba ambayo karatasi zake ziliwekwa chini ya godoro, ndani ya sufuria kubwa ya sherehe na nyuma ya picha ya harusi. Alikuwa ameapa kwamba hatapanda pikipiki maishani. Na alipenda utaratibu kuliko chakula, ila katika jambo moja. Kwetu kuku akichinjwa, ile imondo, yaani firigisi, ni ya baba wa nyumba, na hakuna anayeuliza. Jumapili moja nilikaribishwa kwake kwa obusuma na ingokho, ugali na kuku, nikamwona akiitoa imondo kwenye sahani yake na kuihamishia ya mkewe bila hata kukatiza mazungumzo. Aliponiona nimeona, aliinua kidole.

"Hiyo haiko kwa faili," akasema. Mama Karani akaendelea kutafuna, wala hakuona haya.

Ofisini alikuja na daftari la mazoezi la kurasa tisini na sita, lenye mistari aliyoichora kwa rula. Swali. Nani ametumwa. Ameleta nini. Ameitoa wapi. Ya lini. Safu ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote: Nimehakikisha mwenyewe. Wekesa alitaka tuanze na maswali magumu. Karani alikataa. Tungeanza na maswali ambayo yeye tayari alikuwa na majibu yake, na majibu hayo aliyaandika kwanza ukurasa wa nyuma, akaubana kwa klipu ili hata sisi tusiyaone.

"Huwezi kupima tarishi kwa faili ambalo hata wewe hujui liko wapi," akasema. "Akikuletea uongo utamshukuru."

Nimesoma makala mengi ya wataalamu kuhusu kupima huduma hizi tangu wakati huo, na sijaona yaliyoanza vizuri zaidi ya hapo. Tuliuliza siku za soko. Tuliuliza barabara ipi ya kwenda Lugari imefungwa kwa ukarabati. Mtafutaji, huyo tarishi mwepesi, alijibu kwa sekunde moja, na alipoulizwa habari za kiwanda cha sukari alituletea cha Brazili. Mkwanguzi alichukua muda, kisha akamwaga ukurasa mzima: menyu, matangazo ya viatu, na ile ilani ya vidakuzi, yaani 'cookies', ambayo Karani aliisoma yote kwa sauti, kila mara, kwa kila tovuti.

"Hivi vidakuzi ni nini," akauliza siku ya tatu, "na kwa nini kila ofisi inaomba ruhusa kuvila?"

Tulicheka hadi mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio. Zilikuwa siku nzuri zile. Jioni niliporudi nyumbani nilihisi nimefanya kazi ya kweli, na sidhani nimewahi kuipenda kazi yangu kama miezi ile.

Kosa tulilofanya tulilifanya kwa kiburi. Tuliona kwamba habari za mizani zinatoka kwenye ukurasa mmoja tu, wa matangazo ya kiwanda, nasi tukaamua hapo hatuhitaji mtafutaji. Mkwanguzi angetumwa moja kwa moja. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo wakati huo, na kila mtu Mayoni alikuwa anangoja. Alhamisi mama akauliza msaidizi wetu mizani inafunguliwa lini. Msaidizi akamtuma mkwanguzi, akarudi, akajibu kwa Kiswahili safi kwamba miwa itapokelewa kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa mujibu wa tangazo la leo. Mama alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Ijumaa mchana nikamwonyesha Karani jibu hilo nikiwa nimelichapisha, nikitumaini kwamba kwa mara ya kwanza angelitolea muhuri wake, maana hadi hapo hakuwa amegonga kitu chochote chetu. Kila nikimwomba alisema, "Hii bado inatembea. Nagonga kilichofika tu."

Alilisoma. Akatoa kalamu nyekundu akapiga alama ya kosa.

"Karani! Limetoka kiwandani kwenyewe, na tarehe ni ya jana!"

"Nionyeshe karatasi yenyewe. Si alichosimulia tarishi. Karatasi."

Wekesa akaufungua ukurasa kwenye kompyuta. Kweli, juu kabisa kulikuwa na tarehe. Sasa ilionyesha ya Ijumaa.

"Jana tangazo lilikuwa la jana, na leo ni la leo?" akauliza Karani. "Fungua ukurasa mwingine wa hawa watu."

Wekesa akafungua ule wa anwani na simu. Tarehe ya Ijumaa. Akafungua ule wa historia ya kiwanda. Tarehe ya Ijumaa.

"Hiyo ni kalenda ya ukutani," akasema Karani. "Barua yoyote ukiisomea ndani ya chumba hicho utaona kalenda ya leo juu yake. Mimi nauliza barua ni ya lini."

Barua haikusema. Ilisema Jumatatu, basi. Chini yake, mahali ambapo mkwanguzi alituletea nafasi tupu, palikuwa na picha iliyopigwa upande, ya karatasi iliyobandikwa langoni. Mkwanguzi wetu alisoma maandishi tu, picha aliziruka. Karani alitoa lenzi yake mfukoni, akainama hadi pua ikakaribia kioo. Hakuanza na maneno. Alianza na pembe ya karatasi, palipokuwa na muhuri, nao ulikuwa wa wiki ile. Ndipo akasoma: mizani itaendelea kufungwa hadi tangazo jingine. Ile Jumatatu, mlinzi wa lango alituambia baadaye, ilikuwa ya matengenezo ya mwaka uliotangulia.

Nilimpigia mama. Simu ililia, haikushikwa. Nikapiga tena. Mara ya tatu alishika dada yangu mdogo, akaniambia mama ameiacha nyumbani, yuko shambani. Wakataji walikuwa wamekubali kuja leo badala ya kesho, maana kila mtu angewataka.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Ninakumbuka kwamba Karani alikuwa mbele yangu, yeye asiyewahi kuwa mbele ya mtu. Tulichukua gari hadi Mumias, na pale ilipatikana pikipiki moja tu. Nilimtazama. Akavua kofia, akaitia ndani ya shati pamoja na daftari, akapanda nyuma ya dereva, nami nikapanda nyuma yake. Alifumba macho safari nzima. Kila tulipopiga shimo nilimsikia akisema, "Imepokelewa."

Shambani tulikuta mistari kumi na mmoja iko chini, na wakataji wanauingia wa kumi na mbili. Mama alikuwa kando na birika la uji. Kabla sijafungua mdomo, Karani alishuka, akatembea hadi mbele ya mapanga, akavaa kofia.

"Kuhusu miwa," akasema kwa sauti ya ofisini. "Simamisheni."

Wakasimama. Nadhani ni kofia iliyowasimamisha. Mama akamtazama yeye, kisha mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Mama, mizani haifunguliwi Jumatatu," nikasema. "Msaidizi amekosea. Ni mimi nimekosea."

Mama hakupiga kelele. Aliweka birika chini, akahesabu mistari iliyolala kwa kidole, polepole, mmoja mmoja, mbele ya wanawake wawili wa kikundi chake waliokuja kujionea mambo ya kisasa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mashini yako imenikatia miwa," akasema. Kisha akamgeukia Karani. "Wewe mzee ulijuaje?"

"Niliuliza ni ya lini."

"Basi mimi nitakuwa naulizanga wewe. Ile nyingine sitaki kuisikia. Na hawa wamesikia."

Mistari ile kumi na mmoja haikuoza. Mama alimpata mtu wa kuchemsha sukari nguru ng'ambo ya mto, akaichukua kesho yake, na majani wakala ng'ombe. Wiki iliyofuata alituma bonge la sukari nguru lililofungwa kwa gazeti, akasema ni la mzee, mimi nisionje. Karani aligonga muhuri kwenye gazeti, akakata mwaka, akaandika ule wa kweli, kisha akanikatia kipande kikubwa. Mistari iliyobaki ilikatwa baadaye, siku ambayo yeye mwenyewe alihakikisha kwa kuongea na mlinzi wa lango.

Nilikuwa na hasira kwa wiki nzima, hasa kwake, nikijua sina haki. Aliniacha hadi ikaisha. Ndipo akaja.

"Kuhusu tarishi wa pili," akasema. "Hakuwa mwongo, unajua. Aliogopa tu kurudi mikono mitupu, kwa sababu tulikuwa tunamgombeza akirudi hivyo. Ni sisi tulimfundisha. Siku niliyomwambia 'ukikosa, niambie umekosa, na nitakupa chai vile vile,' alianza kuwa tarishi mzuri kuliko mwenzake."

Tulianza upya. Hatukuchagua kati ya wale wawili. Mtafutaji angetangulia kutuonyesha ni vyumba gani vya kwenda, mkwanguzi angeingia katika vichache vilivyofaa, na picha zingepitishwa kwa programu ya kusoma picha. Kila karatasi ingeletwa na tarehe yake yenyewe, na ile ya juu ya ukurasa isingehesabiwa kitu. Lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa dogo kulitaja: kumfundisha msaidizi kukubali kurudi mikono mitupu. Akili bandia inapenda kujibu. Ukiibana itakutungia. Kwa miezi mingi tulimtumia maswali ambayo majibu yake hayapo popote, tukasubiri aseme hajui, naye akatuletea Jumatatu nyingine.

Kikundi cha Mayoni hakikurudi. Msimu mzima akina mama wale walimpigia Karani, wakajifunza hata kuanza kwa "Kuhusu mizani." Alilalamika kwamba wanamsumbua, na simu isipolia siku mbili aliitoa betri na kuirudisha kuangalia kama imeharibika. Halafu yeye na mkewe wakahamia shamba lao la mahindi Lugari, mahali ambapo mtandao unashika ukisimama karibu na tangi la maji. Mama akawa hana wa kumuuliza. Mwaka huu miwa iliyochipuka upya ilikuwa imekomaa, kiwanda kimefungwa tena kwa matengenezo, na kila nikimtajia mama habari za msaidizi, alianza kuimba wimbo wa kanisa.

Mwezi uliopita nilikwenda Lugari. Nilimkuta Karani sebuleni akipukuchua mahindi ndani ya karai, amekonda, na jicho moja limeingia ukungu. Alinitambua kwa hatua.

"Kuhusu?" akauliza.

"Kuhusu muhuri," nikasema, nikamwekea mkononi kiboksi.

Nilikuwa nimemtengenezea mpya kwa fundi yule yule wa karibu na steji, neno lile lile, magurudumu mapya yenye miaka mingi mbele. Aliupapasa, akausogeza karibu na jicho zima. Akacheka hadi Mama Karani akatoka jikoni.

"Ni wa juzi huu," akasema. Fundi alikuwa ameujaribu na kuuacha na tarehe ya siku ya kuujaribu, nami sikuangalia. Miaka yote ile, na sikuangalia. Alizungusha gurudumu kwa ukucha hadi siku ikawa ya kweli.

"Sasa niletee huyo tarishi wenu."

Tulienda polepole hadi kwenye tangi la maji, mkewe nyuma yetu akibeba stuli na lile daftari la kurasa tisini na sita. Akaketi, akaniambia niulize lile swali. Sikuwa nimelijaribu siku hiyo. Niliandika: mizani inafunguliwa lini? Tulingoja. Alinitaka nisome kwa sauti.

"Sijui," nikasoma. "Tangazo la karibuni nililoliona ni picha yenye muhuri wa wiki tatu zilizopita, na halitaji siku ya kufungua. Kuna jingine linalotaja Jumatatu, lakini halina tarehe yake, kwa hiyo sikulitumia. Tafadhali piga simu mizani, au muulize mtu aliye langoni."

"Rudia."

Nikarudia. Karani aliuelekeza uso kwenye mahindi ya jirani.

"Amerudi mikono mitupu," akasema mwishowe. "Mpeni chai."

Alifungua daftari, akaliandika jibu lile mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa ofisi, herufi zikipanda juu ya mstari kwa sababu ya jicho. Ilimchukua muda mrefu, na hakutaka kusaidiwa. Kisha akatoa kibweta cha wino, akaugonga muhuri mpya kwa nguvu, na stuli ikatikisika. Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

Nikampigia mama pale pale, nikaweka sauti ya juu.

"Mama, tumemuuliza msaidizi kuhusu mizani."

"Imesema Jumatatu?"

"Imesema haijui."

Nikasikia kuku wa kwetu nyuma yake.

"Yenyewe? Imesema haijui yenyewe?"

"Yenyewe, mama. Imesema upige simu langoni."

"Hm," akasema mama. Kisha: "Basi nitumie tena hiyo namba yake. Nitawaambia na hao wengine. Kitu inaweza kusema haijui, hiyo naweza kuiulizanga."

Akakata simu, kama kawaida yake, bila kwaheri. Nilimgeukia Karani. Sauti ilikuwa ya juu na alikuwa amesikia kila neno, lakini tayari alikuwa amefungua mstari mpya daftarini na kuinua kalamu.

"Umeitoa wapi," akaniuliza, "na ni ya lini?"

"Kwa mama yangu," nikasema. "Ni ya sasa hivi."

Akaandika, akagonga muhuri.